Keria Iliyoangusha Lango la Mzee Ogola

Juzi kijana mmoja wa kuchomelea alikuja hapa kwangu Nyamasaria na picha kwenye simu. Ilikuwa ya kile kigari kipya cha kupita porini, cha viti viwili ubavu kwa ubavu, magurudumu ya meno makubwa, paa hakuna ila mabomba matupu. Akaniambia, "Mzee, nimepewa kazi ya kuwekea hii kitu keria ya mizigo. Nianzie wapi?" Nikamwambia aanze kwa kumuuliza mwenye gari huwa anaingia nalo wapi. Akacheka. Alidhani uzee umenipanda kichwani, kwa sababu alichotaka ni unene wa bomba.

Unene wa bomba nitawaambia, vijana, msiwe na haraka. Lakini kwanza mjue kwamba mimi ni yule yule Isaka Mudanya wa Kibuye mnayemsikia wazee wakimcheka. Ile hadithi ya keria na lango ni ya kweli na ni yangu. Sina siri ya kufichua hapa, mji mzima ulijua ndani ya wiki moja, na mpaka leo kuna mzee mmoja pale stendi akiniona hushika boriti hewani kwa mikono miwili akijifanya inamwangukia. Mimi hucheka naye. Nikifika nyumbani sicheki.

Nilifundishwa kazi na Mzee Abdalla, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Babu yake alitoka pwani, mama yake alikuwa wa hapa, na yeye mwenyewe hakutaka kuishi popote pengine. Karakana yake ilikuwa ukingoni mwa soko la Kibuye, nyuma ya wauza mitumba. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Maragoli na suruali mbili, bila kujua tofauti ya chuma na bati. Mzee Abdalla alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana. Mteja akija kutaka keria, yeye haligusi gari kwanza. Anamketisha kwenye debe, anamwagizia chai, kisha anamhoji kama hakimu. Gari linalala wapi? Unapakia nini? Mvua ikinyesha unapita njia gani? Juu ya mzigo anapanda nani? Mteja akisema hapandi mtu, Mzee anamtazama mpaka mtu anakiri kwamba ndiyo, shemeji zake hupanda. Nilikuwa nikisimama pembeni na futi kamba mkononi nikijiambia kwamba huyu mzee anapenda umbea tu.

Kazi yenyewe alinifundisha vizuri. Siku hizi mna mashine za kukunja bomba. Sisi tulikuwa tunajaza bomba mchanga mkavu, tunaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, tunalipasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo tunalikunja polepole bila kubonyea. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unafukuza kigingi kama risasi. Nilijua hilo siku kigingi changu kilipotoboa ukuta wa mabati wa kibanda cha chai cha jirani na kutua katikati ya wateja.

"Mchanga ulikaushwa?" Mzee Abdalla aliniuliza baada ya kuwaomba radhi wanywaji wote mmoja mmoja.

"Ulikaushwa, Mzee."

"Na nani?"

"Na jua."

"Jua lipi, Isaka? Jana kutwa nzima ilinyesha."

Kuhusu bomba la maji, lile lililopakwa zinki ya rangi ya fedha kuzuia kutu: hilo msilichomelee kabla ya kulipiga tupa pale pa kuungia mpaka chuma cheusi kitokee. Usipofanya hivyo kiungo kitapendeza nje na ndani kitajaa matundu kama mandazi, na moshi wake utakulaza na homa usiku kucha. Sisi tulikuwa tukinywa maziwa tukiamini yanasafisha kifua. Sijui kama yanasafisha. Najua tupa inasaidia zaidi. Na kabla hujagusa gari lolote kwa moto, ondoa waya wa betri. Msiniulize nilijuaje.

Sasa nije kwa Mama Risper. Alikuwa mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kule Usenge, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mashua ikiwa bado mbali majini. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na mradi mmoja wa maji huko Bondo ulikuwa umefungwa na kuuza vyombo vyake. Yeye akapata kigari kidogo cha turubai, cha kuendesha magurudumu yote manne. Kilikuwa na viti viwili tu mbele na nyuma pakavu. Gari lile halikuogopa tope. Udongo mweusi wa kule mvua ikinyesha hukamata pikapu na malori, lakini kile kigari kilikuwa kinapita tu. Shida ilikuwa mzigo. Omena kavu si nzito ila inajaza nafasi, na magunia manne yalimaliza sehemu yote ya nyuma. Akaja Kibuye na dereva wake, Oluoch, kutaka keria ya kukaa juu ya vichwa vyao.

Mzee Abdalla siku hizo alikuwa amesafiri kwa harusi ya binti wa dada yake, akaniachia karakana. Nilikuwa nimengoja siku kama hiyo muda mrefu. Mteja nilimketisha kwenye debe, ndiyo, lakini sikuuliza hata swali moja. Niliingia chini ya gari na futi kamba.

Nawaambia ukweli, keria ile ilikuwa nzuri. Paa la turubai halibebi kitu, kwa hiyo niliipa miguu yake yenyewe mpaka kwenye chesisi. Vijana wengi wangeshikiza miguu kwenye bati la mwili wa gari, na bati lingechanika kabla ya kufika Luanda Kotieno. Mimi nilichomelea kila mguu kwenye kipande kinene cha chuma, nikakifunga chesisini kwa bolti, na katikati nikaweka raba ya tairi kuukuu ili chuma kisisugue chuma. Bomba lilikuwa la inchi moja na nusu kwenye miguu, la inchi moja juu. Nikaweka na mikono ya kukingama pande zote, kwa sababu keria isiyo na mikono hiyo hujitikisa kwenye barabara ya murram mpaka inajifungua yenyewe. Hapo ningeacha, ningekuwa fundi mwenye heshima.

Lakini sikuacha. Mbele ya keria nilisimamisha upinde, na juu ya upinde nikachomelea kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MUDANYA WA KIBUYE, MFALME WA KERIA. Niliziandika herufi zake kubwa ili zisomeke hata na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kibao hakikuwa na kazi yoyote. Hakikushika mzigo wala kuzuia upepo. Nilitaka tu watu wa Bondo na Siaya wajue ni nani, na nilipaka rangi mara mbili kwa kuogopa isije ikafifia.

Mama Risper alilizunguka gari akiridhika, mpaka alipofika mbele.

"Fundi, hii kitu iko hapa juu ni ya nini?"

"Ni ya kupendezesha, Mama."

"Iko juu sana. Sasa mimi nikiuza omena, watu watafikiri ni ya Mudanya?"

Oluoch akacheka. Nikamwambia kitampa wateja, na kwamba kukitoa kutadhoofisha kiungo. Hilo la kiungo lilikuwa uongo. Kukitoa kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kibao kilikaa miezi mingi. Watu walinitajia kwamba wamekiona Ndori, wengine wamekiona Usenge penyewe ufukweni kati ya omena zilizoanikwa, na mimi nilivimba kichwa. Mzee Abdalla aliporudi kutoka harusini na kukiona gari lilipopita Kibuye, aliuliza lile gari huwa linaingia wapi. Nikasema linaingia popote. Akarudi kwa kazi yake.

Kisha kaka mkubwa wa Mama Risper akafa hapa Kisumu. Aliitwa Joseph, alikuwa karani, na ugonjwa ulimchukua kwa muda mfupi. Baba yao, Mzee Ogola, alikuwa hai bado, na nyumbani kwake kulikuwa ndani sana, kupita Usenge, kwenye ule udongo mweusi. Ilikuwa masika. Gari la kukodi lililombeba marehemu lilikwama kabla ya kufika Bondo, na Mama Risper akatuma kigari chake. Mimi nilikuwa kwenye msafara, maana Joseph alikuwa mteja wetu na mtu wa watu, na jeneza lilipohamishiwa kwenye keria, niliomba nipande juu nilishike. Nilijivuna hata hapo. Nilijiambia kwamba hakuna keria nyingine ingeweza kazi hii. Jeneza lilikuwa limelala vizuri kati ya vyuma vya pembeni, tumelifunga kwa kamba, na kibao changu kilisimama shubiri nzima juu yake. Jina langu lilikuwa juu ya maiti wa watu, na mimi sikuliona hilo kuwa jambo.

Hapa lazima niwaeleze kitu ambacho mimi, Mmaragoli, sikukijua. Mjaluo akitoka kwa baba yake kwenda kufungua boma lake, huondoka alfajiri na mwanawe wa kwanza. Mtoto hubeba shoka. Mzee Ogola alipofungua boma lile, mtoto aliyebeba shoka alikuwa Joseph. Ile nguzo ya lango, na ile boriti iliyolala juu yake, vilikatwa kwa shoka hilo. Wao huliita lango rangach, na mwana wa kwanza akirudi nyumbani akiwa maiti, hupita hapo na si kwingine. Wanaopitishwa kwenye ua wa boma uliopasuliwa pembeni ni wale waliokufa vifo vya aibu.

Tulifika mchana, jua limetoka baada ya mvua. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za ua, wanawake wakilia, na Mzee Ogola amesimama ndani tu ya lango akiegemea fimbo. Oluoch alipunguza mwendo. Akatoa kichwa nje, akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, itapita?"

Mimi nilikuwa juu, ndiye niliyeweza kuona. Niliangalia jeneza, nikaona linapita chini ya boriti na nafasi ikabaki. Kibao nilikisahau kabisa. Nilipiga bomba kwa kiganja mara mbili, ishara ya kwenda, nikainama ubavuni mwa jeneza, nikasema, "Twende, inapita."

Pale langoni kulikuwa na kituta cha udongo cha kuzuia maji ya mvua. Gari lilipanda kituta, kibao kikaingia chini ya boriti na kuiinua. Oluoch alisikia mlio, akakanyaga mafuta badala ya breki. Nguzo ya kushoto, iliyokuwa imeliwa na mchwa chini, ikatoka ardhini, boriti ikaanguka mbele ya gari, na nguzo ikailalia.

Kilio kilikatika. Nilikuwa juu bado, nimeshika jeneza, na chini ya miguu yangu watu wote walikuwa wakinitazama, na mbele yangu jina langu limepinda lakini linasomeka.

Mzee mmoja, ndugu yake Mzee Ogola, alizungumza wa kwanza. Alisema kwa Kijaluo, na Oluoch akanitafsiria kwa sauti ya chini: tupasue ua hapo pembeni, tuingize mwili, jua linakwenda. Wengine wakaitikia. Lilikuwa wazo la haraka na la maana kwa mtu ambaye si baba.

Mzee Ogola akagonga fimbo chini. "Mtoto wangu hakujinyonga," alisema, na hilo hata mimi nililielewa kabla ya kutafsiriwa, kwa jinsi Mama Risper alivyoanguka magoti pale pale kwenye tope. "Ataingia kwa rangach yangu."

Basi wakaleta jembe. Jeneza likabaki juu ya keria, nje, juani. Mimi niliteremka nikitaka kujificha nyuma ya gari, na hapo ndipo Mzee Ogola alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Wewe, fundi. Kuja hapa. Shika hii mti."

Kukazuka minong'ono. Nguzo ya lango haishikwi na mgeni, hata mimi niliweza kukisia hivyo kwa nyuso za watu. Ndugu yake alinyoosha mkono kumzuia. Mzee Ogola akasema, "Mwenye alikuwa anasaidia mimi kushika, iko ndani ya sanduku. Huyu ndiye ameangusha, huyu atashika."

Nikashika. Yeye mwenyewe akashindilia udongo kwa kisigino cha fimbo yake, polepole, akipumzika. Hakukubali kusaidiwa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kusikia pumzi zake, na nilimwomba Mungu aninyime uwezo wa kuona. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na kazi, na nililia pale kwa aibu, si kwa huzuni. Watu walidhani namlilia Joseph. Mwanamke mmoja akanipangusa shavu kwa leso yake, na hilo nalo likaniumiza.

Boriti iliporudishwa juu, Oluoch akaja kupima kwa macho. Kibao na upinde wake bado vilikuwa vimesimama, vimepinda, juu ya jeneza. Mama Risper akasema neno moja tu kwangu siku ile yote.

"Kata."

Msumeno wa chuma ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nilipanda tena juu ya keria, nikapiga magoti kando ya jeneza, nikaanza kukata. Kile kiungo nilichomwambia kwamba kitadhoofika nilikikata mbele ya watu wake wote, na keria haikutikisika hata kidogo. Msumeno ule ulilia. Ninyi mna mashine za kukata siku hizi, hamjui sauti ya msumeno wa mkono ukikata bomba mahali ambapo hakuna anayesema kitu. Nilijaribu kukata taratibu ili usilie, na ukalia zaidi. Kibao kilianguka kwenye nyasi, maandishi juu. Sikuthubutu kukigeuza.

Joseph akapita. Gari lilipanda kituta, jeneza likapita chini ya boriti ile ile aliyosaidia kuikata akiwa mtoto, na vilio vikaanza upya. Walimzika jioni hiyo.

Niliporudi Kisumu, Mzee Abdalla alikuwa ameshasikia. Niliketi kwenye debe la wateja nikingoja maneno. Aliniuliza swali moja: "Lile lango lilikuwa na kimo gani?" Nikamwambia. Nilikijua kwa shubiri, kwa kiganja na kwa kidole, nitakijua mpaka naingia kaburini. Akatikisa kichwa, akaniagizia chai, na hatukulizungumza tena. Tangu hapo sijaandika jina langu kwenye kazi yoyote. Wateja wa karakana zote za Kibuye walikuwa wakiniita mbea, kwa maswali niliyowauliza kabla ya kugusa gari. Unaingilia wapi? Lango lako ni la chuma au la mti? Nani alilisimamisha? Kazi nyingine ilinikimbia kwa sababu ya maswali hayo, na niliiacha ikimbie.

Mngependa niishie hapo, kwenye fundisho. Lakini hapo sipo paliponiuma.

Baada ya kuzika, watu wakiwa bado wameketi chini ya turubai, Mzee Ogola alisimama kushukuru, kama ilivyo desturi. Alishukuru waliochimba kaburi, wapishi, watu wa kanisa. Kisha akaomba mtu atafsiri kwa Kiswahili ili nami nisikie. Alisema magari makubwa yalishindwa na udongo ule, na kwamba mwanawe angelala njiani. Alisema yupo fundi aliyetengeneza kitu cha kumfikisha mtoto wake nyumbani, na fundi huyo alikaa juu akimshika njia nzima asitikisike. Anataka watu wamjue. Mzee Ogola hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Hakujua kilichoandikwa kwenye lile bati jekundu lililokuwa limelala nyasini, hatua chache kutoka alipokuwa amesimama.

Akanielekea, akaniuliza yeye mwenyewe kwa Kiswahili, "Kijana wangu, jina yako nani? Nataka wao wasikie."

Waliojua kusoma wote walinitazama.

"Mimi ni fundi tu, Baba."

"Fundi nani?"

Akangoja. Alikuwa ameegemea fimbo, amechoka, kaburi la mwanawe bado bichi nyuma yake, na aliningoja kwa upole kama mtu anayengoja mtoto amalize kumeza. Mwisho Mama Risper ndiye aliyelisema, akiwa ameketi chini, bila kuinua kichwa. Mzee Ogola akalirudia polepole, sauti kwa sauti, mpaka akalipata sawasawa. Kisha akawageukia watu wake wote, akawaambia kwa heshima, "Mudanya."